Somo: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu ya Mtetemo kwenye Tachipadi za Steam Deck

Somo hili linawahusu wenye Steam Deck, kifaa cha mkononi cha kuchezea michezo kutoka kampuni ya Valve, ambao tachipadi (kibao cha kugusa kwa kidole) moja au zote mbili zimeacha kutetema, zinatetema kwa unyonge, au zinakwaruza kidole kinapopita juu yake. Valve haiuzi kifaa hiki rasmi nchini Kenya, na vingi tunavyoviona hapa Nakuru au Kisumu vimeletwa na jamaa walioko ng'ambo au na wauzaji wanaojiagizia wenyewe. Kwa hiyo dhamana huwa mbali, na mtu hujikuta mbele ya fundi wa simu kabla hajajua kama ugonjwa uko kwenye programu au kwenye kifaa chenyewe. Tuanze na swali hilo, na bisibisi ikae kando kwanza.

Ndani ya Steam Deck hamna mota zenye uzito unaozunguka kama zile za padi nyingi za kuchezea. Kila tachipadi ina kitetemeshi chake kidogo kinachosukumwa huku na huku kwa umeme, na hicho hicho ndicho hutoa mdundo mwepesi unapoteleza kidole, na pia mtikisiko unaotoka kwenye mchezo wenyewe, mathalani gari linapogonga ukuta. Jambo hili ndilo ufunguo wa uchunguzi wote: mtikisiko wa mchezo ukisikika upande wa kushoto ilhali kidole hakipati mdundo wowote upande huo huo, kitetemeshi ni kizima na kosa liko kwenye mipangilio.

Hatua ya kwanza: pima nje ya mchezo

Ukiwa kwenye ukurasa wa mwanzo, bonyeza kitufe cha STEAM pamoja na X ili kibodi ya skrini itokee. Telezesha kidole gumba cha kushoto kwenye tachipadi ya kushoto, kisha cha kulia kwenye ya kulia, ukilinganisha pande mbili kwa utulivu. Zote zikitetema sawasawa, kosa liko kwenye mpangilio wa mchezo fulani, nawe nenda hatua ya pili. Zote zikinyamaza, shuku mipangilio ya jumla au programu, kwa sababu ni nadra vitetemeshi viwili kufa siku moja. Ukinyamaza upande mmoja tu, pitia bado hatua zinazofuata, lakini ujiandae kwamba huenda ukafika ya mwisho.

Hatua ya pili: kagua mipangilio

Kuna mahali pawili, na wengi hukagua mahali pamoja tu. Pa kwanza ni mipangilio ya jumla: bonyeza STEAM, ingia "Settings" kisha "Controller", uhakikishe kwamba mtetemo haujazimwa. Pa pili ni mpangilio wa vitufe wa mchezo husika, ambao kila mchezo huwa na wake. Fungua mchezo, ingia kwenye mpangilio wake, chagua tachipadi unayoishuku, kisha ubonyeze alama ya gurudumu la meno iliyo kando yake. Humo utaona "Haptic Intensity", yaani nguvu ya mtetemo, inayoweza kuzimwa au kuwekwa chini, wastani au juu. Mipangilio iliyotengenezwa na wachezaji wengine, ambayo wengi wetu huipakua bila kuisoma, mara nyingine huja ikiwa imezima kipengele hiki, na mtu akalaumu kifaa bure. Rudisha mpangilio wa asili wa mchezo, ujaribu tena.

Hatua ya tatu: washa upya na usasishe

Shikilia kitufe cha kuwashia hadi kifaa kizime kabisa, wala si kulala tu, kisha ukiwashe. Baada ya hapo tafuta sasisho la mfumo, kwa kuwa programu ya ndani inayoendesha vitufe na tachipadi huja pamoja nalo. Ikiwa ulijiunga na toleo la majaribio, rudi kwenye toleo thabiti kabla ya kuhukumu lolote. Chaji betri vizuri kwanza, maana stima zetu mnazijua, na sasisho lililokatika katikati ni tatizo jipya juu ya la zamani.

Hatua ya nne: kata umeme wa betri

Kuzima kwa kawaida hakukati umeme wote ndani ya kifaa. Kikiwa kimezimwa, shikilia kitufe cha kuongeza sauti huku ukibonyeza cha kuwashia, na usikie mlio ndipo uachilie. Chagua "Setup Utility", nenda sehemu ya nishati, kisha uchague "Battery Storage Mode" na ukubali. Kifaa kitazima na hakitawaka hadi ukichomeke kwenye chaja, basi usishtuke kikionekana kimekufa. Hatua hii ndiyo hiyo hiyo inayopaswa kutangulia kila ufunguzi wa kifuniko.

Hatua ya tano: uso wa tachipadi, kisha ndani

Ondoa stika au kava yoyote inayogusa tachipadi, kwa kuwa hufifisha mtetemo, halafu pangusa kwa kitambaa laini kikavu. Ukilazimika kufungua, toa memori kadi kwanza. Ikisahaulika ndani, huvunjika kifuniko kinapobanduliwa. Kifuniko cha nyuma kimeshikwa kwa skrubu nane zisizolingana urefu, kwa hiyo zipange zilivyotoka. Kagua utepe mwembamba wa nyaya unaotoka kwenye tachipadi: je, umeingia sawasawa, au umekaa upande? Asiyewahi kufungua kifaa cha namna hii amwachie fundi, lakini amweleze matokeo ya hatua ya kwanza.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Kondele: Mwalimu, mchezo nilioupakua nje ya duka la Steam hautetemi hata kidogo, ingawa mingine yote iko sawa. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu, yaelekea unaufungua moja kwa moja kwenye mazingira ya kompyuta ("Desktop Mode"). Uongeze kwenye maktaba ya Steam kama mchezo usio wa Steam, kisha uufungulie humo, ili nao upate mpangilio wake wa vitufe.

Mwanachama, Kakamega: Fundi alibadilisha kijiti cha kushoto, na tangu siku hiyo tachipadi ya upande huo haisikii kidole wala haitetemi.

Jibu: Mguso na mtetemo vikipotea pamoja mara tu baada ya ufunguzi, mshukiwa wa kwanza ni utepe. Mrudie fundi huyo huyo, mweleze kwa adabu, na usikubali kuuziwa tachipadi mpya kabla hajauchomoa utepe na kuurudisha mbele yako.

Mwanachama, Njoro: Nasikia mlio upande wa kulia. Nitajuaje kama ni feni?

Jibu: Zima mtetemo kabisa kwenye mipangilio. Mlio ukiendelea bila kidole chako kugusa chochote, hasa kifaa kinapopata joto, tazama feni. Ukikoma, ni kitetemeshi. Mlio mdogo ni wa kawaida. Unaotia shaka ni ule wa kitu kilicholegea, na usiosikika upande wa pili.

Mwanachama, Bungoma: Mtikisiko wa michezo ni hafifu kuliko padi yangu ya PlayStation. Je, nimeuziwa mbovu?

Jibu: La, dada. Vitetemeshi vya tachipadi ni vidogo, na nguvu hiyo havina.

Mwanachama, Milimani: Nimehakikisha kitetemeshi kimekufa. Kipuri kinapatikana?

Jibu: iFixit huuza vipuri vya Steam Deck. Kabla ya kuagiza, tambua kama chako ni cha skrini ya LCD, kilichotoka 2022, au cha OLED, kilichotoka Novemba 2023, kwa kuwa tachipadi zake zilibadilishwa na kipuri cha kimoja usikiagizie kingine. Hata skrubu za nyuma hutofautiana: LCD hufunguliwa kwa bisibisi ya nyota ya kawaida, ilhali OLED huhitaji Torx T6, yaani bisibisi yenye ncha ya pembe sita, ambayo ni vyema umuulize fundi kama anayo kabla hujampelekea.