Unakwenda JKT? Zoea raba zako kabla ya safari

Mdogo wangu uliyemaliza kidato cha sita na kuona jina lako kwenye orodha ya mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), nunua raba leo, usisubiri siku ya kupanda basi. Zivae na soksi zile ndefu nyeusi, tembea nazo kwenda sokoni, kimbia nazo asubuhi walau wiki mbili. Mimi nilizitoa dukani nikaingia nazo kambini. Siku ya tatu ya mchakamchaka visigino vyote viwili vilikuwa vimechubuka, soksi imegandamana na kidonda, na filimbi hiyo inalia alfajiri. Niliumia kweli.

Chukua pia sindano na uzi wa rangi ya kung'aa, shona herufi za jina lako kwenye pindo la bukta, fulana na shuka. Kwenye kamba ya kuanikia ya hanga zima, yaani bweni la kambini, nguo zote zinafanana, na kalamu hufutika.

Ukipangiwa kambi ya Mafinga, sweta ni lazima, asubuhi ya Iringa haina huruma. Beba pia nauli ya kurudi nyumbani siku ukimaliza.