Roboti za miguu miwili zikiletwa kazini kwenu Marekani: fanya hivi

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa nyie wa Atlanta, Clarkston na kule Georgia kwa jumla mnaofanya weahausi na viwandani, hii nawaandikia nyie. Roboti zenye umbo la mtu, kichwa, mikono miwili na miguu miwili, zishaanza kazi za kweli, na sehemu mojawapo ya mwanzo kabisa ni hapo hapo Georgia, weahausi ya kampuni ya mizigo ya GXO iliyoko Flowery Branch. Mwaka 2023 walianza kwa majaribio na roboti inaitwa Digit ya kampuni ya Agility Robotics, ikafika Juni 2024 wakasaini mkataba wa miaka kadhaa, na hawakuzinunua, wanazikodisha. Kwa hiyo bosi wako akitaka kuzileta hahitaji kutoa mamilioni siku moja, analipia kuzikodi tu.

Ukisikia zinakuja kwenu, kabla hujaanza kuwaza mambo ya kufukuzwa, tafuta kujua inafanya kazi gani hasa. Usiulize "ni ya nini", utajibiwa juu juu. Uliza inachukua nini, inatoa wapi, inaweka wapi. Kule Flowery Branch Digit ilianza na kazi ya kutoa makreti ya plastiki kwenye vigari vinavyojiendesha na kuyaweka kwenye konveya, ndio hiyo. Kiwanda cha BMW kule Spartanburg, South Carolina, roboti ya Figure 02 ya kampuni ya Figure ilikuwa inachukua vipande vya bati na kuvipanga kwenye mashine ya kuchomelea, na Figure wenyewe wamesema ilipiga shifti za masaa 10 Jumatatu mpaka Ijumaa, ikapakia vipande zaidi ya 90,000. Kitu kimoja, mara elfu na elfu. Sasa jiangalie wewe, kama shifti yako yote ni tendo moja kama hilo na mzigo haupiti paundi 35, yaani kama kilo 16 ambazo Digit inabeba, basi wewe uko karibu na moto na inabidi uanze kujisogeza mapema. Kama unafungua boksi zilizopasuka, unapanga mzigo wa saizi tofauti tofauti kwenye treila, unarekebisha lebo, unaendesha foklifti, bado una nafasi, lakini usibweteke.

Sasa usalama, na hapa naomba usome taratibu maana ndio pana hatari ambayo wengi hawaijui. Tumezoea mashine ikileta shida unabonyeza kitufe chekundu inaganda, biashara imeisha. Mkono wa roboti uliofungwa chini kwa bolti uko hivyo. Ila hii ya miguu miwili inasimama kwa sababu mota zake zinarekebisha balansi muda wote, ukikata umeme ghafla hakuna kinachoishikilia, inaanguka. Na Digit ina kama kilo 65 na urefu wa kama mita 1.75, Apollo ya kampuni ya Apptronik ni kama kilo 73, fikiria kitu kama hicho kikudondokee na kreti mkononi. Ndio maana sehemu nyingi wanaiweka ndani ya eneo lake lenye uzio au sensa, mtu akiingia inasimama, na ndio maana watu wa viwango vya kimataifa wanaandika sheria za usalama mahususi kwa roboti zinazojibalansi, ISO 25785-1, kwa sababu zile za mashine za kawaida hazitoshi.

Kwa hiyo usivuke uzio hata kama kreti imeanguka na supavaiza anakupigia kelele namba zimeshuka. Kama kuna mtu yuko hatarini bonyeza kitufe, ndio, ila usisimame ilipo, kaa mbali zaidi ya urefu wake pande zote. Uliza siku ya kwanza kabisa: ina njia ngapi za kusimamishwa? Ipo inayoifanya ichuchumae yenyewe taratibu na ipo inayokata umeme? Nani anaruhusiwa kuinyanyua ikianguka? Usiishike mwenyewe ikianza kuyumba, mwili unakutuma kudaka kama unavyodaka mtoto, usidake. Vidole weka mbali na magoti na viwiko, vile viungo vinabana vibaya.

Na mafunzo ya hayo yote wana wajibu wa kukupa kwa lugha unayoielewa. Ndio msimamo wa OSHA, ofisi ya serikali ya usalama kazini. Kama Kiingereza chako hakijakaa sawa usitikise tu kichwa na kusaini karatasi, omba mkalimani wa Kiswahili, hata wa kwenye simu. Ukiripoti hatari wakakukatia masaa au wakakufukuza kwa sababu hiyo, una siku 30 tu za kulalamika OSHA, namba ni 1-800-321-6742, wapo wakalimani. Na wewe uliyeingia kupitia ejensi, haki hizi ni zako pia.

Kuhusu kujisogeza sasa. Roboti hizi zinakwama. Zile za BMW kilichoharibika zaidi ni kipande cha mkono kati ya kiwiko na kiganja, nyaya na joto, Figure walilisema wenyewe. Ikikwama lazima mtu aje, awe yupo pale na anajua. Uwe huyo mtu. Jitolee wakitafuta wa kufundishwa kuisimamia, hata kama mwanzo hawaongezi dola, jifunze ile tableti yao, andika kwenye kidaftari imekwama wapi saa ngapi na nini kilikuwa mbele yake, fundi akija mpe hayo na atakukumbuka jina. Halafu chuoni, kozi ya matengenezo ya mashine za viwandani, Georgia Piedmont Technical College iko hapo hapo Clarkston, na jimbo lina msaada unaitwa HOPE Career Grant kwa kozi zenye uhitaji, matengenezo ya viwandani yakiwemo. Kama una grini kadi au ulikuja kama mkimbizi nenda ofisi ya msaada wa ada ukaulize, usiamini mtu wa mtaani anayekwambia sio ya kwetu.

La mwisho, kuna kampuni zinawavalisha wafanyakazi kamera au nguo za sensa ili roboti zijifunze kutokana na miendo yao. Wakikuletea, uliza kabla ya kuvaa: rekodi inakwenda kwa nani, unalipwa zaidi au hapana, na ukikataa inakuwaje kwa shifti zako. Omba majibu kwa maandishi, na ile karatasi ya kusaini ipige picha uende nayo nyumbani akusomee mtu anayejua Kiingereza vizuri kabla hujarudisha.