Mota ya njia tatu na VFD kwenye mashine ndogo ya kukereza

Juzi nilimsaidia kijana wa karakana jirani. Ana mashine ya kukereza ya inchi 7 kwa 14, na mota yake ya brashi ilikuwa inakwama kila akikereza chuma cha pua kwa mwendo wa taratibu. Njia niliyompa ni hii.

1. Toa mota ya zamani na kadi yake. Funga mota ya umeme wa njia tatu (three-phase) ya kW 0.75, puli zikae mstari mmoja.

2. Tafuta VFD, yaani kifaa cha kubadili kasi ya mota kwa kubadili masafa (Hz) ya umeme, inayopokea 220 V ya njia moja na kutoa 220 V ya njia tatu.

3. Fungua kisanduku cha nyaya za mota. Hapa ndipo mimi nilipopoteza jioni tatu nzima. Kibati cha maelezo cha mota yangu kilisomeka 230/400 V, 3.3/1.9 A, na vile vibati vitatu vya shaba vinavyounganisha ncha za nyaya vilikuwa vimelala kwenye safu moja, yaani muunganiko wa sta (nyota), ya 400 V. Mota ilizunguka vizuri kabisa ikiwa tupu. Kisu kikigusa chuma tu, inazimika. Nilibadilisha mipangilio ya VFD mara kumi nikiamini ndiyo mbovu, kumbe mota ilikuwa inapata sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Visimamishe vibati vya shaba viunganishe ncha hizi: U1 na W2, V1 na U2, W1 na V2. Hiyo ni delta (muunganiko wa pembetatu), ya 230 V. Kama kibati cha maelezo kinasema 400/690, usiinunue, maana delta yake inataka 400 V. Kama zinatoka nyaya tatu tu na kibati kinasema 380 V, mpelekee fundi wa kusuka mota akutolee ncha zote sita. Na kabla ya kugusa chochote ndani ya VFD, zima umeme usubiri dakika kumi; kapasita zake hubaki na moto wa kuua.

4. Ingiza kwenye VFD 50 Hz, ampea za upande wa delta (kwangu 3.3), na sekunde 3 za kupanda kasi wakati wa kuanza. Usiweke swichi kati ya VFD na mota, hata ya dharura. Washa na zima kupitia vituo vya amri vya VFD. Usikereze muda mrefu chini ya 20 Hz, feni ya mota haipozi kitu hapo. Ukitaka mwendo wa taratibu zaidi, badili puli.

5. Beringi za spindo, mhimili unaozungusha kazi. Wengi hutoa 6206 za mipira na kuweka 30206 za roli. Mimi sizipendi kwa mashine hii: ni nene kwa mm 1.25, inabidi upunguze bushi. Weka 7206, za mipira zinazobeba pia msukumo wa pembeni, upana ni uleule mm 16. Upande mnene wa pete ya nje uelekee ndani ya kichwa cha mashine, beringi zote mbili. Kaza nati ya spindo kidogo kidogo, zungusha nusu saa, kisha shika kichwa kwa kiganja. Kiwe na uvuguvugu. Kikikuunguza, legeza nati.