Jinsi ya kupiga hesabu ya mshahara wa OT (occupational therapist) Nairobi mpaka zile zinazofika mkononi

Juzi binti mmoja niliyemsimamia wakati wa atachimenti yake alinipigia simu jioni, amepata kazi hospitali ya kibinafsi upande wa Upper Hill, wamemwambia 65,000, na tayari ashaenda kuangalia bedsita Ngara ya 18,000. "Mwalimu, hii itanitosha?" Nikamuuliza hiyo 65 ni ya grosi ama ya mkononi. Kimya. Jumamosi tukakutana kwa kibanda cha chai tukaandika kila kitu nyuma ya fomu ya asesimenti, na nikaona heri niyaweke hapa manake kila mwaka wanafunzi wanaotoka KMTC (chuo cha utabibu) wananiuliza hilo swali moja.

Kwa wasiotujua, ma-OT ndo wale wanakaa na mzee aliyepigwa na kiharusi mpaka aweze kufunga kifungo cha shati kwa mkono mmoja, ama na mtoto mwenye serebro polsi mpaka kijiko kifike mdomoni bila uji kumwagika wote. Ni kazi ninayoipenda sana na sitaki mtu aiache juu ya mahesabu ambayo angeelezwa mapema.

Hatua ya 1: Makaratasi

PIN ya KRA (watu wa kodi), leseni ya mwaka huu ya baraza letu OTCK, namba ya NSSF (pensheni), usajili wa SHA (bima ya afya ya serikali). Twende.

Hatua ya 2: Uliza pesa imegawanywaje, na uipate kwa maandishi

Usikubali "tutakupa sitini na tano". Omba barua inayoonyesha mshahara wa msingi ni ngapi, marupurupu ya nyumba ngapi, ya nauli ngapi. Wengi hudhani marupurupu hayakatwi kodi. Yanakatwa, yakilipwa kwa pesa yanaingia kwa grosi yote pamoja. Sababu ya kutaka mgawanyo ni nyingine: gratuiti (malipo ya mwisho wa kandarasi) mara nyingi hupigwa kwa mshahara wa msingi peke yake, kwa hivyo msingi wa 30,000 na marupurupu ya 35,000 unakuumiza baadaye hata kama jumla ni ile ile.

Serikalini ni tofauti, huko hakuna kubembelezana bei, unaingia kwa kundi la kazi, wa diploma kwa kawaida H na wa digrii K, na marupurupu ya nyumba ya Nairobi yako juu kuliko ya kaunti nyingi.

Hatua ya 3: Makato, kwa mpangilio huu na si mwingine

Chukua kalamu na kalkuleta ya simu. Mi siamini kalkuleta za mtandaoni, mbili nilizojaribu zilikuwa bado zinakupa ile nafuu ya 15% ya makato ya bima ya afya ya serikali na ya ushuru wa nyumba iliyoondolewa Desemba 2024, kwa hivyo zinakutolea jibu la uongo na unapanga maisha nalo.

Tukaanza na 65,000 yake:

NSSF 6%: 3,900. (Kuna dari ya mshahara unaopigiwa hiyo 6%, ilikuwa 36,000 mwaka 2024 ikapanda mpaka 72,000 Februari 2025, kwa 65,000 haikugusi.)
SHIF (mchango wa SHA) 2.75%: 1,787.50
Ushuru wa nyumba 1.5%: 975

Jumla 6,662.50. Sasa hapa ndo watu huteleza: tangu tarehe 27 Desemba 2024 hizi tatu zote zinatolewa KABLA ya kupiga PAYE (kodi ya mshahara ya kila mwezi). Kwa hivyo kodi unaipiga kwa 58,337.50, si kwa 65,000.

PAYE: 24,000 za kwanza kwa 10% ni 2,400. Zile 8,333 zinazofuata kwa 25% ni 2,083.25. Zilizobaki, 26,004.50, kwa 30% ni 7,801.35. Jumla 12,284.60, toa nafuu binafsi ya 2,400, unabaki na PAYE ya 9,884.60.

Mkononi: 48,452.90.

Binti aliangalia hiyo namba akarudia hesabu mara mbili. Bado HELB (mkopo wa chuo) haijakatwa, na SACCO. Sheria ya ajira inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, yaani lazima ubaki na theluthi moja, lakini hiyo ni sakafu ya kisheria, usiifanye mpango. Ukianza mkopo wa SACCO mwezi wa nne wa kazi juu ya sofa utakuja kuniambia.

Hatua ya 4: Lokamu

Hapa nitakaa, manake hapa ndo nilipoteza usiku mbili na pesa ya kuniuma.

Kila OT wa Nairobi ana ka-lokamu, yaani kibarua cha kando cha muda. Jumamosi kliniki ya watoto, ama jioni nyumba ya wazee. Mi nilianza na kliniki moja ya watoto, 25,000 kwa mwezi, Jumamosi nne. Ikiingia M-Pesa ilikuwa 23,750, nikauliza, nikaambiwa "tumekata kodi 5%". Nikashukuru Mungu kwamba kodi imeshalipwa nikala pesa yangu mwaka mzima.

Hiyo 5% si kodi yako. Ni kodi ya zuio, ni kama malipo ya mbele. Mapato yenyewe yanapandishwa juu ya mshahara wako wa kawaida, na kama mshahara ushapita 32,333 baada ya yale makato matatu basi kila shilingi ya lokamu inaingia kwenye 30%, bendi ambayo inaendelea mpaka 500,000 kwa mwezi. Piga: 25,000 mara miezi 12 ni 300,000. 30% yake ni 90,000. Zilizozuiwa ni 15,000. Deni: 75,000. Nililijua hilo deni Juni, wiki ya mwisho ya kufaili, na kumbe kufaili ni mpaka tarehe 30 Juni lakini pesa yenyewe ilifaa kulipwa kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hivyo kulikuwa na faini ya 5% na riba ya 1% kwa mwezi juu yake.

Kwa hivyo fanya hivi. Lokamu ikiingia, siku hiyo hiyo toa 6,250 uweke mahali huwezi kufikia kwa simu, mi natumia akaunti ya akiba ya SACCO isiyo na kadi. Jumamosi yako moja (25,000 gawa kwa nne) si 6,250 tena, ukitoa 30% ni 4,375. Ukitaka kujua kama kliniki inakulipa vizuri, pima na hiyo 4,375.

Mambo mengine ya lokamu, bila mpangilio sana:

Chini ya 24,000 kwa mwezi kutoka kwa mlipaji mmoja hakuna zuio, lakini kodi bado unadaiwa. Usidhani umeponea.

Ingia iTax (tovuti ya KRA) kila mwezi uangalie cheti cha zuio kama kimetokea. Anayekukata anafaa kupeleka ndani ya siku 5 za kazi. Mi niliwahi kukatwa miezi minne na cheti hakuna hata kimoja, nikaandika barua pepe tatu na kwenda mwenyewe kwa mhasibu wao mara mbili ndo vikatoka. Bila cheti, hiyo 5% haihesabiki kwako, unalipa mara ya pili. Usingoje Juni, mhasibu atakuwa ashahama.

Weka risiti. Udongo wa mazoezi ya mikono, plastiki ya splinti, leseni yako, hizo ni gharama za kazi. Lakini tangu Januari 2024 gharama isiyo na risiti ya eTIMS (mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki) haikubaliki, kwa hivyo muulize muuzaji kabla hujalipa. Nikiwa na risiti za 36,000, mapato yanashuka mpaka 264,000, kodi 79,200, na deni 64,200. Ni 10,800 imeokolewa na karatasi tu.

Deni la mwaka likipita 40,000 unafaa kulipa kwa awamu, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Kwa kweli ni nafuu kuliko kulipa zote kwa mkupuo.

Kama kliniki ya pili inakuweka kwenye peisilipu badala ya lokamu, waambie una mwajiri mwingine. Nafuu ya 2,400 na zile bendi za chini ni za mtu mmoja, si za kila mwajiri, na wakikupa wote wawili utazirudisha mwisho wa mwaka.

Kufaili kwenyewe: ukiwa na lokamu ile njia fupi ya wenye ajira peke yake haikufai. Unashusha faili la Ekseli, unawasha makro, na mwanzoni kabisa kuna swali kama una mapato mengine nje ya ajira. Nilijibu hapana, kwa haraka tu, na nikatafuta mahali pa kuandika lokamu mpaka saa nane usiku. Jibu NDIO. Na usijaribu kwa simu, nenda saiba ama uazime laptopu.

Hatua ya 5: Wagonjwa wa nyumbani

Hesabu saa za mlango hadi mlango. Kikao cha 2,500 Runda kinasikika vizuri, lakini mimi natoka Rongai, nabadilisha mathree tauni, nashuka barabarani natembea hadi geti na mpira wa mazoezi kwapani, askari anapiga simu ndani, kikao dakika 45, narudi. Saa tatu na nusu. Toa nauli 300 na kodi 750, nimebaki na 1,450, yaani kama 414 kwa saa. Sasa nimewapanga kwa mtaa, Jumanne ni South B na South C peke yake, wagonjwa watatu nauli moja, na anayekaa mbali namwambia bei ya mbali bila kuona haya.

Hatua ya 6: Peisilipu ya kwanza

Ikitoka, iweke kando ya karatasi yako uende mstari kwa mstari. Kama SHIF si 1,787.50 wameipiga vibaya, na kama PAYE imezidi 9,884.60, pengine wamepiga kodi kabla ya kutoa makato. Kwa 65,000 hilo kosa ni karibu 2,000 kila mwezi. Nenda kwa watu wa mishahara wiki hiyo hiyo na karatasi mkononi, waonyeshe ile 58,337.50 kwanza, halafu ndo uongee.