Mashine ya presha ya maji moto isilale na maji

Mnaoosha malori huku Minnesota, jimbo la Marekani lenye baridi kali, msidanganywe na neno "maji moto". Mashine ikizimwa ni chuma kilichojaa maji tu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na kinachopasuka ni kichwa cha pampu au koili (bomba la mizunguko ambamo maji hupashwa moto), vipuri ghali sana.

Mkimaliza kazi, zimeni kichomeo, yaani moto unaopasha maji, kwanza na muache maji baridi yapite dakika chache hadi koili ipoe. Fungeni bomba. Halafu mimina kwenye tangi la mashine ile antifrizi (kioevu cha kuzuia kuganda) ya waridi, ya propilini glaikoli, inayouzwa kwa ajili ya magari ya kupigia kambi. Washa pampu peke yake, kichomeo kikiwa kimezimwa, ubonyeze bunduki ya kurushia maji mpaka waridi litoke kwenye nozeli. Likitoka limepauka, bado kuna maji ndani, endelea. Wengine hupuliza hewa kwa kompresa tu. Inasaidia, ila koili ina mizunguko mingi na matone hubaki chini. Maji ya chumvi msijaribu kabisa, yanakula chuma.

Bunduki hiyo na mpira wake wa maji navyo vina maji! Mimi niliokoa pampu, nikasahau bunduki nyuma ya pikapu usiku mmoja. Asubuhi ilikuwa na ufa toka kwenye kifyatulio hadi shingoni.

Mashine ikiwa imeganda tayari, usiiwashe. Isukume ndani penye joto, uisubiri mpaka maji ya bomba yapite yenyewe bila pampu.