Kufunga huku unapiga pedeli: panga daku na futari ukijua ini linavyotunza sukari

Kila Ramadhani hapa Tanga wimbo ni ule ule, mtu kaamka na kichwa siku ya kwanza, "sukari imeshuka", kapiga baiskeli Ngamiani mpaka Sahare na jua la saa saba, "sukari imeshuka". Mara nyingi wala haijashuka. Ukishajua mwili unaitoa wapi na kuiweka wapi utapanga msosi wako vizuri na utaacha kuogopa bure, ila wenye kisukari msome mpaka chini maana yenu ni habari nyingine.

Anza na hii: damu yote ya mtu mzima asiye na kisukari ina glukosi, ndo hiyo sukari yenyewe, kama gramu 5 tu, kijiko kimoja cha chai basi, wakati ubongo peke yake unataka kama gramu 120 kwa siku. Kwahiyo sukari ya kwenye damu ni waja leo waondoka leo kwelikweli, kinachokuweka mjini ni akiba.

Ukila muhogo au wali unasagwa unakuwa glukosi, inapita kwenye ini kwanza, kongosho linamwaga insulini, homoni inayoliambia ini liweke akiba, ini linaiunganisha ile glukosi inakuwa glaikojeni na kuihifadhi. Ini linabeba kama gramu 100 hivi, misuli yote kama 400, lakini usijumlishe ukafurahi, ya kwenye msuli haitoki, msuli hauna kimeng'enya cha kuirudisha kwenye damu so inaungua humo humo ukiwa unakanyaga pedeli. Ya ini ndo ya mwili mzima. Pakijaa kote kinachobaki kinageuzwa mafuta, na mafuta hayaambiwi pamejaa, ndo maana wengine wanafunga mwezi mzima na Idi inawakuta wamenenepa.

Sasa saa chache baada ya daku insulini inashuka, homoni nyingine ya kongosho inaitwa glukagoni inaliambia ini lifungue akiba. Na ini halisubiri akiba iishe, linatengeneza glukosi mpya kabisa, kwa lakteti inayotoka kwenye misuli inayofanya kazi, kwa gliseroli ya mafuta, kwa protini, na figo nazo zinasaidia. Akiba ya ini inachukua karibu siku nzima bila kula ndo inakaribia kuisha, sisi kutoka alfajiri mpaka magharibi ni saa 13 na kitu. Mtu mzima wa afya anafika. Kile kichwa cha siku za mwanzo usilaumu sukari, laumu kahawa, ulizoea vikombe vya barazani ukakata ghafla, na maji pia hujanywa.

Kwahiyo daku usiiruke na usiile saa sita usiku ukalala, isogeze karibu na adhana. Weka vitu vinavyosagwa taratibu, ugali wa dona au mihogo na maharage ya nazi, samaki, yai. Chai ya sukari na mkate mweupe peke yake inapanda haraka na haikai. Kazi nzito, wale wa kubeba magunia ya mkaa kwenye keria mnanielewa, maliza asubuhi, maana miguu ikimaliza glaikojeni yake inakuwa mizito hata kama sukari ya damu iko sawa kabisa.

Magharibi fungua na tende tatu ndogo, hapo una sukari kama gramu 15, na maji, kaswali, ndo urudi kwenye futari. Sio kaimati, tambi za sukari, uji na juisi vyote ndani ya nusu saa, kongosho nalo linataka kupumua. Gawanya mpaka usiku, na maji usiache, kila gramu ya glaikojeni inahifadhiwa na maji kama gramu 3. Ndo maana kilo za wiki ya kwanza zinapungua fasta na kurudi fasta.

Wenye kisukari: ukipima asubuhi hujala kitu ukakuta 9 (kwa kipimo cha mmol/L), hujalogwa, ni ini linamwaga sukari na insulini haitoshi kulizuia, na dawa ya metfomini kazi yake kubwa ni kulibana hilo ini. Wa sindano za insulini au vidonge vya glibenklamaidi kaonane na daktari kabla mwezi haujaandama, dozi na muda vinabadilishwa, na kuna ambao wataambiwa wasifunge. Ukifunga, pima mchana. Ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 fungua hapo hapo, usiseme bado saa moja tu. Ya chini, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15 upime tena, ikiwa bado rudia, ikikaa sawa ule chakula cha maana, na baiskeli mpe mwingine aikokote mpaka nyumbani.