Gari la mtumba la porini: anza uvunguni

Wenzangu wa Mombasa mnaotafuta gari dogo la 4x4 (linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne) kwa safari za porini (kuwinda kumepigwa marufuku Kenya tangu 1977, kwa hivyo sisi tunawinda kwa kamera), msidanganyike na rangi. Chukua tochi, ulale chini. Hewa yetu ya chumvi hula chasisi polepole, na muuzaji mjanja hupaka rangi nyeusi juu ya kutu. Gonga kwa bisibisi. Ikizama, aga uende zako.

Kwa mafuta, mimi naipenda Suzuki Jimny ya injini ya cc 1300. Nyepesi, ina chasisi yake iliyo kando na bodi, na gia ndogo ya kujikwamulia matopeni, vitu ambavyo Toyota RAV4 haina. Ile ya cc 660 inavutia kwa bei, lakini kupita malori barabara ya Voi ukielekea lango la Buchuma la mbuga ya Tsavo Mashariki, utasali.

Gia ya magurudumu manne ijaribu kwenye mchanga au vumbi, si juu ya lami kavu, utaiumiza. Isiponasa, au ikilia, fundi atakula pesa kuliko petroli.